Kiyoyozi kipangwe kabla vishikizo vya injini havijachomelewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenye magari, na hasa na mafundi wenzangu, juu ya kazi moja inayowatia watu hasara kila msimu wa joto unapoingia hapa pwani, nayo ni kufunga kiyoyozi kwenye gari lililobadilishwa injini. Mimi ni fundi wa viyoyozi vya magari hapa Tanga. Magari ya aina hiyo yanaletwa kwangu mara kwa mara, na karibu yote huja katika hali moja: injini imeshakaa, inawaka vizuri, mwenye gari ameshamaliza fedha zake, na kiyoyozi kimeachwa mwisho kama vile ni redio inayochomekwa tu ikaimba. Ninavyoona mimi, kiyoyozi cha gari la namna hiyo huamuliwa siku ile injini mpya inaponing'inia kwenye mnyororo ikijaribishwa juu ya chesesi, kabla vishikizo vyake havijachomelewa. Siku hiyo ikipita bila fundi wa kiyoyozi kuitwa, kinachobaki mara nyingi ni kuungaunga.

Siwalaumu wanaobadilisha injini. Mwenye Hiace ya petroli anayebeba abiria anaweka injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L au 5L kwa sababu anajua spea zake zinapatikana hata kwenye miji midogo, na mwenye Land Rover ya zamani anaweka injini ya Toyota 1HZ kwa sababu haina kompyuta, haina turbo, na mafundi wanaoifahamu wapo kila mkoa. Injini hizi hutoka kwenye magari yaliyokatwa Japani, nyingine hupitia kwenye masoko ya spea zilizotumika ya Sharjah, kisha hushushwa Dar es Salaam au Mombasa na kusambaa bara. Tatizo linaanzia pale pale kwenye kununua, kwa kuwa muuzaji huweza kung'oa kompresa na kuiuza peke yake, na mnunuzi, ambaye macho yake yako kwenye bloku na silinda hedi, haulizi.

Ili hoja yangu ieleweke, lazima nieleze kidogo kiyoyozi cha gari kinavyogawanyika. Nusu yake ni mali ya injini: kompresa inayosukuma gesi, breketi inayoishikilia, mkanda na puli zinazoizungusha, na kile chombo kinachoongeza mwendo wa injini kompresa inapoanza kuivuta. Nusu ya pili ni mali ya bodi: kondensa iliyo mbele ya rejeta inayotoa joto la gesi nje, draya inayonasa unyevu, evapoleta iliyo ndani ya dashibodi inayopoza hewa ya abiria, feni, swichi na nyaya zote. Kiwandani nusu hizi mbili hupangwa na watu wale wale kwa ajili ya gari moja. Ukitoa injini na kuweka nyingine, umeweka pamoja nusu mbili zisizojuana, na mtu wa kuzipatanisha ni fundi wa gereji ya mtaani, ambaye hana mchoro wa kiwanda kwa sababu gari hilo halijawahi kutengenezwa na kiwanda chochote.

Nitoe mfano wa Land Rover Defender 110 iliyoletwa kwangu ikiwa imetolewa injini yake ya 300Tdi, yenye silinda 4 na lita 2.5, na kuwekewa 1HZ, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na lita 4.2. Kazi ya kufunga injini yenyewe ilikuwa safi na sina neno nayo. Lakini injini ya silinda 6 ni ndefu, na ili ikae ilibidi rejeta isogezwe mbele mpaka ikakaribia kugusa wavu wa mbele, hivyo nafasi ya kondensa ikaisha kabisa. Aliyefunga kiyoyozi baadaye akaining'iniza kondensa ubavuni, nyuma ya madigadi, mahali ambapo upepo hauingii na matope ya magurudumu yanaingia. Kompresa aliishikiza kwa bamba jembamba la chuma lililochomelewa upande mmoja tu, bila mkono wa kulitegemeza kwa nyuma. Niliposimamisha rula ya chuma kwenye uso wa puli ya kombo, yaani ile inayozungushwa na injini yenyewe, na kuifikisha kwenye puli ya kompresa, nilikuta zimepishana milimita 6. Chini ya boneti kulikuwa na unga mweusi wa mpira, ambao ni mkanda uliokuwa ukijisaga ubavuni, na ufa mwembamba ulikuwa umeshaanza kwenye kona ya bamba, mahali ulipoishia mshono wa kuchomelea. Mwenye gari alikuwa ameambiwa kwamba kiyoyozi hakipozi kwa sababu gesi imekwisha, na alikuwa ameshalipia gesi zaidi ya mara moja.

Gari hilo lilipona, lakini kwa gharama ambayo haikuwa na ulazima. Tulitafuta breketi ya asili ya 1HZ, ile ya chuma cha kusubu inayofungwa kwenye bloku kwa bolti zake yenyewe. Tukakata upya kishikizo cha rejeta ili kuirudisha nyuma kadiri ilivyowezekana, tukaweka mbele yake kondensa nyembamba ya aina mpya yenye vijia bapa, pamoja na feni mbili za umeme zenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake. Mipira ya gesi, ambayo ilipita sentimita chache juu ya bomba la moshi, tuliitengeneza upya na kuipitisha upande wa pili. Kazi ya kukata na kuchomelea ililipiwa mara mbili, na ile ya mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu injini ilikuwa imeshakaa na hakuna aliyetaka kuigusa tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa anayekwenda kununua injini. Anunue na kompresa yake, breketi yake, puli ya kukazia mkanda na bolti zake hata kama kompresa yenyewe imekufa, maana kompresa hubadilishwa kwa urahisi lakini breketi ya asili ni adimu. Aitazame puli ya kombo kwa makini. Injini iliyotoka kwenye gari ambalo halikuwa na kiyoyozi inaweza kuwa na puli isiyo na mfereji wa mkanda wa kompresa, na hilo hutambulika kwa kuinama na kutazama tu. Kama kompresa bado ipo, aangalie pia kwamba matundu yake ya gesi yamezibwa, kwa kuwa kompresa iliyokaa wazi kwenye kontena na kwenye yadi ya spea huwa imekwishavuta unyevu ndani. Mafuta ya kompresa aina ya PAG, yanayotumiwa na gesi ya kupozea ya R-134a, hunyonya unyevu wa hewa upesi mno, na unyevu huo ukikaa na gesi hutengeneza asidi inayokula vyuma kutokea ndani.

Lipo pia suala la umeme ambalo mafundi wengi hulisahau. Injini iliyotolewa kwenye lori au kwenye basi dogo inaweza kuwa ya volti 24, na klachi ya kompresa yake, ile sumaku inayoiunganisha na puli, vilevile. Ukiifunga kwenye gari la volti 12 klachi itavuta, na utasikia mlio wake, lakini itavuta kwa unyonge, itateleza, itapata moto na kuungua, na lawama itaangukia kompresa. Maandishi ya volti huwa yamechapwa kwenye kibandiko cha klachi au kwenye mwili wa kompresa, na kuyasoma hakugharimu chochote.

Katika magari ya petroli yenye kompyuta hali ni tata zaidi, na hapa ndipo ninapoona ulipuaji mkubwa wa kazi. Kompresa nyingi za Toyota zina sensa ndogo inayohesabu mizunguko yake na kuipeleka kwenye kisanduku kinachoongoza kiyoyozi, ambacho huilinganisha na mizunguko ya injini. Kisanduku kikiona kompresa imebaki nyuma sana, huchukulia kwamba imekwama, hukata umeme wa klachi, na taa ya kitufe cha AC huanza kuwakawaka. Gari likiwekewa injini nyingine yenye kompresa isiyo na sensa hiyo, au ishara ya mizunguko ya injini isipounganishwa, taa itawakawaka kila siku. Anachofanya fundi wa "bora liende" ni kukata waya wa klachi na kuupeleka moja kwa moja kwenye swichi ya kubonyeza aliyoitoboa kwenye dashibodi. Kiyoyozi kinapoza, mwenye gari anafurahi, fundi analipwa. Lakini umeme wa waya huo uliokatwa ulikuwa ukitegemea pia swichi ya mgandamizo, ambayo katika Toyota nyingi hukata kompresa gesi ikishuka hadi PSI (paundi kwa inchi ya mraba) 28 hivi au ikipanda hadi PSI 455 hivi, na sensa ya baridi inayozuia barafu isigande kwenye evapoleta. Sasa gesi ikivuja, kompresa itaendelea kuzunguka bila mafuta ya kutosha mpaka ijile yenyewe, na feni ya mbele ikifa, mgandamizo unaweza kupanda mpaka mpira upasuke. Kazi sahihi si ngumu kiasi hicho. Swichi ya mgandamizo, na swichi ya baridi inayowekwa badala ya ile sensa, zinaweza kuunganishwa kwa mfululizo kabla ya rilei ya klachi, hata kama kisanduku cha zamani kimeachwa kabisa.

Hapo hapo kuna suala la mwendo wa injini inaposimama na kunguruma tu. Kompresa hula nguvu ya kilowati kadhaa, na injini ya dizeli inayonguruma kwa mizunguko 700 kwa dakika itatetemeka sana ikivutwa ghafla namna hiyo. Injini kama 1HZ huweza kuwa na chombo kidogo cha vakyumu kinachovuta mkono wa pampu ya dizeli na kuongeza mwendo kiyoyozi kinapowashwa. Injini inapohamishwa, chombo hicho hutupwa kama takataka, au mpira wake huachwa unaning'inia, kwa kuwa aliyeifunga injini hajui ni cha nini. Kwenye injini ya petroli yenye kompyuta, kompyuta ndiyo inayopaswa kupewa taarifa kwamba kiyoyozi kimeombwa, ili yenyewe iongeze hewa. Waya huo usipounganishwa, gari litazimika kwenye foleni na dereva atalazimika kuzima kiyoyozi kila anaposimama, jambo ambalo si la kawaida ingawa watu wameshalizoea.

Sasa nije kwenye gesi, ambako ningependa wasomaji wanivumilie kidogo. Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12 na mafuta ya madini. Bodi ya zamani ikiwekewa injini mpya yenye kompresa ya R-134a, mafuta ya zamani hubaki kwenye kondensa na evapoleta, na kwa kuwa hayachanganyiki na R-134a, hayarudi kwenye kompresa inavyopasa. Lazima yasafishwe yote, oringi (pete za mpira za kwenye maungio) zibadilishwe, na draya iwekwe mpya. Mipira nayo iwe ile yenye utando wa nailoni ndani, iliyobanwa kwa mashine. Mpira wa haidroliki uliofungwa kwa klipu utapitisha gesi kidogo kidogo hata kama hauna tundu linaloonekana. Tena uachiwe ulegevu wa kutosha, kwa sababu injini hutikisika juu ya vishikizo vyake wakati bodi imetulia.

Kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa ndani ya mfumo kwa pampu kabla ya kujaza gesi, si kazi ya kuharakisha. Kinachotafutwa ni mgandamizo kushuka kiasi kwamba maji yaliyojificha ndani yachemke kwa joto la kawaida la mchana na kutoka yakiwa mvuke. Hapa Tanga, usawa wa bahari, geji inapaswa kukaribia inchi 29 za zebaki na kubaki hapo baada ya pampu kuzimwa. Mwenzangu wa Arusha, aliye kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi ambako hewa ni nyepesi, ataishia karibu na inchi 25, na wa Nairobi chini kidogo ya hapo, bila pampu zao kuwa na kasoro yoyote.

Halafu gesi ipimwe kwa mizani. Kibandiko kilicho chini ya boneti kinataja gramu za gari lilivyotoka kiwandani, na gari lililobadilishwa kondensa na urefu wa mipira si gari lile tena, kwa hiyo kiasi hicho ni cha kuanzia, na kinachofuata ni kuongeza kidogo kidogo huku ukisoma geji zote mbili pamoja na joto la hewa inayotoka kwenye dashibodi. Kuna mafundi wanaosoma mgandamizo injini ikiwa imezimwa na kutangaza kwamba gesi imejaa. R-134a kwenye joto la nyuzi 30 itaonyesha karibu PSI 97 ikiwa imebaki gramu 200 au imejaa gramu 700, mradi tu kuna tone la kimiminika ndani, hivyo kipimo hicho hakimwambii mtu chochote kuhusu kiasi.

Nawaomba kwa moyo wote wale wanaojaza gesi ya kupikia badala ya R-134a waache. Najua kwamba inapoza, na najua kwamba ni rahisi kuipata. Lakini evapoleta iko ndani ya chumba cha abiria, na ikipasuka, gesi inayowaka inajaa mahali walipoketi watu na watoto, ndani ya gari ambalo nyaya zake zimeungwa upya na bomba lake la moshi limehamishwa.

Na wale wanaofungua vali na kuiachia R-134a hewani kabla ya kutoa injini ya zamani, nao wafikirie. Kilo moja ya gesi hiyo hupasha joto anga sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100, kwa hiyo gramu 700 za gari moja dogo ni sawa na tani moja. Makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi za jamii hii yalipitishwa Oktoba 2016 hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, mjini Kigali, yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, na kwa mujibu wake, kwa nchi zinazoendelea za kundi la kwanza, ambamo nchi zetu zimo, ukomo wa matumizi ulianza mwaka 2024. Fundi mwenye mashine ya kuinyonya gesi na kuihifadhi kwenye mtungi anaokoa fedha za mteja, kwa kuwa gesi hiyo hiyo huweza kusafishwa na kurudishwa kwenye gari injini mpya ikishakaa.

Maombi yangu ni machache. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha ufundi wa magari, umeme wa magari, na majokofu na viyoyozi kama fani tofauti, na ninaelewa sababu zake, lakini gari lililobadilishwa injini linahitaji mafundi wa fani zote tatu wasimame kwenye boneti moja. Ingefaa wanafunzi wa fani hizo wapewe walau mradi mmoja wa pamoja wa kufunga kompresa kwenye injini isiyo ya gari hilo, wapime puli, wachore nyaya na wavute vakyumu wenyewe. Pili, mwenye gari aliyebadilisha injini hupaswa kuandikisha namba ya injini mpya TRA (mamlaka ya mapato) ili kadi yake ilingane na gari, na Kenya shughuli hiyo iko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wakati gari linapokaguliwa kwa ajili hiyo, mkaguzi akifungua boneti kusoma namba, aangalie pia kama mipira ya kiyoyozi na nyaya zake zimeachana na bomba la moshi. Ni kazi ya dakika chache, na inaweza kuzuia moto.

Kwa gereji zinazofunga injini, naomba katika makubaliano na mteja iandikwe wazi kama kiyoyozi kimo au hakimo, na kama kimo, fundi wake aitwe siku injini inapojaribishwa. Hapo ataweza kusema "isogezeni nyuma sentimita 3 nipate nafasi ya kondensa" wakati kusogeza bado ni suala la kuvuta mnyororo tu.

Na kwa yule ambaye injini yake imeshafungwa na kiyoyozi kinamsumbua, asianze kwa kununua gesi. Aombe kwanza fundi aweke rula kwenye puli, aitikise kompresa kwa mkono injini ikiwa imezimwa aone kama breketi inacheza, kisha injini ikiwaka na AC ikiwa imewashwa atazame kama feni ya kondensa inazunguka. Kama kimojawapo kati ya hivyo hakiko sawa, fedha za gesi zisubiri.

Fundi wa viyoyozi vya magari,
Tanga.